Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohane, Valletta: mwongozo kamili wa kulizuru, kuanzia viza hadi sakafuni

Mara ya kwanza nilifika Jumapili saa nane mchana, jua la Agosti, gauni limenata mgongoni, nikakuta mlango wa watalii umefungwa. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimepanga ndege, nimepanga pa kulala, siku za kanisa sikuziangalia. Kesho yake nikarudi na wifi yangu, naye kapendeza kweli kweli, juu ya viatu vya mchuchumio. Hakupita. Ikabidi tushuke barabarani kumtafutia ndala, na foleni tuliyokuwa mbele yake tukairudia kutoka nyuma.

Nimeshakwenda tena baada ya hapo, na haya ndiyo ningependa mtu aniambie kabla.

Kanisa lenyewe

Malta ni kile kisiwa ambacho Biblia ya Kiswahili, Matendo ya Mitume sura ya 28, inakiita Melita: Paulo alipovunjikiwa na jahazi akaumwa na nyoka asidhurike. Mji mkuu ni Valletta, wenyeji wanauita il-Belt, yaani "Mji". Ni mji mdogo mno, haufiki hata kilomita moja ya mraba, umezungukwa na bahari pande tatu na ngome pande zote.

Walioujenga ni Shirika la Mtakatifu Yohane wa Yerusalemu, manaiti: watawa wenye nadhiri kama watawa wengine, ila hawa waliuguza wagonjwa na pia walishika panga. Walifukuzwa Rhodes na Waturuki, wakapewa Malta mwaka 1530. Mwaka 1565 Waturuki wakawafuata na kuwazingira miezi karibu minne bila kufua dafu. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Machi 1566, Mkuu wa Shirika, Jean de Valette, akaweka jiwe la msingi la mji mpya, ndiyo maana ukaitwa kwa jina lake.

Kanisa lao kuu lilijengwa miaka ya 1570 chini ya mhandisi Mmalta, Girolamo Cassar, likamalizika 1577 na kutabarukiwa Februari 1578. Cassar alikuwa fundi wa ngome, na kwa nje hilo halifichiki: ukuta mtupu, minara miwili mizito, mlango. Aliyezoea Fort Jesus pale Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, ataitambua hewa ya zama zile. Usikate tamaa ukasema nimesafiri kote huku kuja kuona boma. Mambo yako ndani.

Neno moja la kukuondolea utata: utaona linaitwa "kanisa kuu mwenza". Kiti cha askofu kipo katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo huko Mdina, mji wa kale katikati ya kisiwa. Manaiti walipoondoka, hili la Valletta likapewa hadhi sawa na lile mwanzoni mwa karne ya 19. Makanisa makuu mawili, askofu mmoja.

Viza na safari

Malta imo katika Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tangu Desemba 2007 na inatumia euro tangu Januari 2008. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari lazima ifike euro 30,000. Pasipoti iwe haijazidi miaka 10 tangu itolewe, ibaki na uhai wa miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Ombi unaweza kulipeleka miezi sita kabla. Mwisho ni siku 15 kabla, lakini anayesubiri siku 15 anajitafutia presha.

Walioko nje ya nyumbani: ukiwa na kibali cha kuishi Ujerumani, Ubelgiji, Italia au nchi nyingine ya Schengen, huhitaji viza nyingine kwa matembezi. Ukiishi London unaihitaji, kibali cha Uingereza hakikusaidii. Ukiishi Muscat au Dubai, omba kutokea huko huko unakoishi.

Ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu hakuna. Wengi hupitia Istanbul, au Dubai kwa ile inayotua kwanza Larnaca. Ukiwa tayari upo Sicilia, kuna boti ya mwendo kasi kutoka Pozzallo, chini ya saa mbili uko bandarini Valletta. Beba na ile kadi ya njano ya chanjo.

Ukishatua mambo ni mepesi kuliko unavyodhani. Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kimalta, magari yanapita kushoto kama kwetu, na soketi za umeme ni zile zile za meno matatu bapa, kwa hiyo adapta acha nyumbani.

Na Kimalta chenyewe! Ni lugha yenye asili ya Kiarabu iliyovaa herufi za Kilatini, na msamiati wake utakufanya ugeuke barabarani. Kanisa ni *knisja*. Kitabu ni *ktieb*. Dunia, *dinja*. Roho, *ruħ*. Sita ni *sitta*, tisa ni *disgħa*. Wakatoliki hawa wanasali kwa *Alla*, na Kwaresima wanaiita *Randan*, shina moja na Ramadhani. Nilisimama mbele ya kibao cha matangazo ya parokia nikawa nadokoa maneno kama mtu anayesikiliza redio ya jirani kupitia ukutani.

Siku, saa na tiketi

Kwa watalii, kanisa hufunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili na sikukuu ni za ibada. Mlango hufunguliwa asubuhi na hufungwa alasiri. Mwisho wa kuingia ni mapema kuliko saa ya kufunga, kwa hiyo usipange kufika saa kumi ukitegemea huruma.

Kabla ya kukata tiketi pitia tovuti ya kanisa, kwa sababu mbili. Kwanza, siku za misa kubwa au tamasha la muziki ratiba hubadilika. Pili, kazi za ukarabati zinaendelea mwaka hadi mwaka, na mara nyingine chumba kizima huwa kimefungwa. Kama unakwenda kwa ajili ya mchoro wa Caravaggio, yule mchoraji Mwitaliano, hakikisha ukumbi wake uko wazi siku hiyo.

Tiketi ya mtu mzima ni takriban euro 15, na ndani ya bei hiyo umo mwongozo wa sauti. Ukinunua mtandaoni, kumbuka saa zao ni za kizungu: 15:00 ni saa tisa alasiri. Nimeona mtu mzima, msomi, akifika saa tisa yetu ya alasiri, na karatasi inasema 9:00 yao, yaani saa tatu asubuhi, akabaki kubishana na simu yake.

Ushauri wangu: ingia pale pale wanapofungua. Meli kubwa za kitalii zikishatia nanga, kuanzia saa nne na nusu hivi vikundi vinaingia na bendera zao, na hapo sakafu huioni tena. Miezi mizuri ni Aprili, Mei na Oktoba. Julai na Agosti joto linapita nyuzi 30 na mji umejengwa kwa mawe meupe yanayorudisha jua usoni.

Mavazi

Mabega yafunikwe, magoti yafunikwe, wanaume kofia vueni. Dada zangu, bebeni khanga au mtandio mwepesi kwenye pochi, kazi imekwisha. Hata kaptura inasitirika kwa khanga. Viatu viwe na soli pana. Kisigino chembamba hakiruhusiwi kabisa, na ukishaiona sakafu utawapa haki: msumari wa kiatu unadunga marumaru iliyokatwa kwa mkono miaka mia tatu iliyopita. Mabegi makubwa acha hotelini. Picha piga bila flashi, na palipo na alama ya katazo, tii.

Kufika mlangoni

Mabasi ya kutoka uwanja wa ndege na sehemu nyingi za kisiwa yanaishia nje ya lango la mji, karibu na chemchemi kubwa ya Tritoni. Unavuka daraja, unapita lango jipya alilobuni Renzo Piano pamoja na jengo la Bunge pembeni, unaingia mtaa wa Republic. Nenda moja kwa moja, dakika tano au sita. Kanisa litakuwa mkono wako wa kulia. Kama umelala Sliema, panda kivuko: unapata mandhari ya kuta kutoka majini, ila ukishuka jiandae kupanda ngazi za haja.

Kabla ya kuingia, zunguka hadi uwanja wa mbele utazame mnara wenye saa. Nyuso za saa hapo ni tatu: moja ya saa, moja ya siku ya wiki, moja ya tarehe.

Ndani: anza chini

Kila anayeingia hufanya jambo moja: anainua kichwa, mdomo wazi, simu juu. Dhahabu imeshika kila mahali, hakuna hata kiganja cha ukuta kilichoachwa. Upe mwili dakika yake ya kushangaa, kisha teremsha macho.

Sakafu yote ni makaburi. Mawe ya marumaru kama 400, yamepangwa kama mikeka iliyounganishwa pindo kwa pindo, kila moja juu ya naiti au ofisa wa Shirika. Rangi hazikupakwa. Ni vipande vya marumaru nyekundu, njano, nyeusi, kijani, vilivyokatwa na kupachikwa mpaka vikatoa nembo, malaika wenye tarumbeta, bendera, mizinga. Na mifupa. Chagua jiwe moja uinamie. Mimi nilichagua lenye mifupa mizima ya mtu kwenye marumaru nyeusi, imeshika mundu mkono mmoja na kipimo cha mchanga mkono mwingine, mbavu zimehesabika moja moja, na mfumaji wa mawe akaona haitoshi, akaweka na kivuli chini ya taya. Maandishi ni ya Kilatini. Ukiona D.O.M. juu kabisa, maana yake ni "kwa Mungu aliye mwema na mkuu kupita wote".

Ninasisitiza sakafu kwa sababu ndiyo inayokueleza uko wapi. Vijana hawa walitoka koo tajiri za Ulaya, wakaapa ufukara, kisha wakashindana kulala kwenye jiwe zuri kuliko la jirani. Ukilielewa hilo, kuta na vikanisa vyote vinasomeka.

Sehemu kubwa imewekewa kamba na zulia la kulinda mawe, kwa hiyo huwezi kutembea popote. Pembeni, karibu na vikanisa, ndiko unakoyaona kwa karibu zaidi.

Kisha juu

Dari ni kazi ya Mattia Preti, mchoraji kutoka kusini mwa Italia, naye naiti. Alichora kati ya 1661 na 1666, matukio 18 ya maisha ya Yohane Mbatizaji, kwa rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya jiwe. Pembezoni mwa dari kuna watu wanaoonekana kama sanamu zilizochomoza. Simama katikati, tafuta mmoja ambaye kivuli chake kinateleza juu ya fremu, halafu sogea hatua tano. Utamkuta ni bapa kama picha ya gazeti. Michongo ya ukutani, kwa upande wake, imechongwa kwenye mawe yenyewe ya ukuta, yale mawe laini ya chokaa ya Malta, kisha ikapakwa dhahabu. Preti alifariki Malta mwaka 1699 na amezikwa humu humu.

Vikanisa vya "lugha"

Manaiti walijigawa kwa walikotoka, na kila kundi liliitwa "Lugha": Provence, Auvergne, Ufaransa, Italia, Aragon, Castile pamoja na Ureno, Ujerumani, na ile ya Waingereza na Wabavaria. Kila Lugha ilikuwa na kikanisa chake pembeni, na kila moja ilitaka kumpita mwenzake. Mwongozo wa sauti utakupitisha vyote. Mimi ningekuambia vingine vipite kwa mwendo wa kawaida, muda wako uutunzie kile cha Aragon, upande wa kulia ukielekea altare kuu.

Humo kuna kumbukumbu ya Nicolas Cotoner, Mkuu wa Shirika aliyefariki 1680. Juu, sura yake na silaha za ushindi. Chini, watu wawili wameinama wamebeba mzigo wote ule mgongoni: watumwa. Mmoja ana sura ya Kiasia. Mwingine ni Mwafrika.

Kifaa cha sauti kitasema kidogo na kuendelea mbele. Wewe simama. Merikebu za manaiti ziliteka watu baharini, na Malta ilikuwa soko la watumwa lenye kujulikana, wengi wao Waislamu wa Afrika ya Kaskazini na milki ya Waturuki. Hao ndio waliovuta makasia na kubeba mawe ya ngome. Utumwa huo ulipigwa marufuku na Napoleon alipoteka kisiwa Juni 1798. Mchongaji, kwa bahati, alikuwa na jicho la haki kuliko mteja wake: ukimtazama yule Mwafrika usoni, misuli ya shingo imekaza, macho yanaangalia pembeni kwa uchungu wa mtu halisi. Cotoner aliye juu ana uso wa sarafu.

Mbele zaidi upande huo huo kuna kikanisa cha Bikira Maria wa Philermos chenye lango la fedha. Hadithi ya wenyeji ni kwamba askari wa Napoleon walipokuwa wanazoa fedha za kanisa, mtu alilipaka lango rangi nyeusi wakalidhania chuma. Ichukue kama hadithi, ila lango lipo.

Caravaggio

Ukumbi wa sala ulio pembeni ya kanisa ndio wenye mchoro unaoleta nusu ya wageni: kukatwa kichwa kwa Yohane Mbatizaji, wa mwaka 1608. Ni mkubwa, karibu mita 3.6 kwa 5.2, na bado uko katika ukumbi ule ule uliochorewa.

Usikimbilie mbele. Kaa nyuma kwanza uone jinsi nusu nzima ya kulia ilivyo tupu: ukuta, dirisha la jela, wafungwa wawili wanachungulia. Yote yamesukumwa kushoto. Upanga umeshafanya kazi yake lakini haukumaliza, na mwuaji anachomoa kisu kiunoni nyuma. Msichana ameinamisha sinia, tayari. Ni bibi kizee peke yake aliyejishika kichwa kwa uchungu. Sasa sogea. Kwenye damu iliyomwagika chini, mchoraji ameandika jina lake la kwanza, Michelangelo, kwa rangi ile ile ya damu: "f. Michelang.o". Hakuna mchoro wake mwingine unaojulikana aliotia sahihi.

Alikuwa amekimbia Roma kwa kesi ya mauaji ya 1606. Malta ikampokea, Julai 1608 akavishwa unaiti. Haukupita muda akapigana tena, akafungwa, akatoroka. Tarehe 1 Desemba 1608 Shirika likakutana na kumvua unaiti, ndani ya ukumbi huu huu, mchoro wake ukiwa ukutani unawatazama.

Mchoro wake wa pili, Mtakatifu Jeromu akiandika, ni mdogo, na watu huupita. Uliibwa mwishoni mwa 1984 na kurudishwa 1987. Uangalie mkono wenye kalamu.

Chini ya altare kuu kuna chumba walikozikwa Wakuu wa Shirika, akiwemo de Valette; mara nyingi unakichungulia tu. Zipo pia nguo kubwa za ukutani 29, zilizofumwa Brussels kwa michoro ya Rubens, zawadi ya Mkuu Ramon Perellos. Zikiwa zimetandazwa siku yako, ni bahati. Kwa yote haya jipe saa mbili. Kwa saa moja utatoka na picha kwenye simu tu.

Kama umekuja kusali

Misa ni bure, huhitaji tiketi, na mlango ni mwingine na ule wa watalii. Mwambie mlinzi umekuja kwa misa, basi. Ila usiingie kwa gia hiyo kisha ukaanza kuzungukazunguka na simu, wanajua. Ratiba iko kwenye tovuti ya kanisa na kwenye kibao cha nje. Misa nyingi ni za Kimalta. Mpangilio ni ule ule unaoujua tangu utotoni, kwa hiyo utajua lini kusimama na lini kupiga magoti, na jina la Mungu utalisikia vizuri.

Ukitoka

Kama uliingia saa tatu na nusu, utakuwa nje kabla ya saa sita kasoro. Tembea dakika saba hadi bustani ya Upper Barrakka: saa sita kamili wanapiga mzinga kuelekea bandarini, na tena saa kumi. Shika sehemu ukutani mapema. Kwenda Mdina kuliona lile kanisa kuu lingine, mabasi ya kuelekea Rabat yanatoka pale pale ulikoshukia nje ya lango, na humaliza kama nusu saa.

Njiani tafuta kibanda cha *pastizzi*, vitu vya unga wa tabaka tabaka vilivyookwa, vya jibini au vya njegere, bei ya kutupa. Chukua vya njegere. Vinatoka motoni, mjazo una viungo kidogo, na ukikiuma kwa pupa kama sambusa ya Ramadhani utaungua ulimi kama nilivyoungua mimi.